Manju wa Winchi ya Kurasini

Wapo watu waliozaliwa na nguvu, wapo waliozaliwa na mali, na yupo Shomari bin Kondo wa Mtoni, aliyezaliwa na sauti. Sauti yenyewe haikuwa ya mchezo! Mama yake alikuwa akisimulia kwamba siku aliyozaliwa alilia mpaka watu wa ng'ambo ya mto wakadhani kuna msiba, wakaja na vikapu vya mchele kufariji wafiwa. Walipokuta ni kitoto chekundu kinapiga kelele mkekani, wakaupika mchele wao wenyewe, wakaula, wakarudi kwao. Katika Temeke yote ya wakati wa Mwingereza haikuchezwa ngoma bila mtu kuuliza kwanza, "Manju Shomari anakuja?" Manju ndiye mtunzi na mwongoza wimbo, na akikosekana ngoma huwa imedoda.

Mwili wake, lakini, ulikuwa ufito. Alipokuwa kijana alikwenda bandarini kutafuta kazi ya uhamali. Gunia la kwanza likamkalisha chini. La pili likamlaza kabisa. Msimamizi alikuwa amekwisha kufungua kinywa amfukuze, na Shomari, akiwa bado mavumbini, kwa aibu tu akaanza kuliimbia lile gunia, analitukana kwa mafumbo, analiuliza limekula nini huko lilikotoka. Mahamali wakaangua kicheko, wakaitikia. Kabla wimbo haujaisha shehena yote ilikuwa imeingia ghalani, na msimamizi akakifunga kinywa chake. Toka siku hiyo Shomari hakubeba tena gunia. Yeye aliimba, wenziwe wakabeba, na hakuna aliyelalamika.

Hivyo ndivyo alivyofika Kurasini, kwenye yadi ya tajiri Najmuddin. Yadi ile ilikuwa ukingoni mwa maji, ikitengeneza mashua na matishari, vile vyombo vipana visivyo na injini vinavyotoa shehena melini na kuileta gatini. Ilikuwa na chelezo, yaani mteremko wa magogo uliotoka nchi kavu ukaingia baharini, na juu ya chelezo ilisimama winchi ya mkono.

Winchi hiyo iliachwa na Mjerumani. Ilikuwa chuma kitupu, haina moshi wala moto. Ilikuwa na mipini miwili, mmoja kila upande, na kila mpini ulishikwa na watu wawili. Wakizungusha, magurudumu ya meno yanalizungusha pipa la chuma, pipa linaukunja waya, na waya unakivuta chombo kutoka majini, taratibu, mpaka nchi kavu. Pembeni, juu ya gurudumu moja la meno, kulikuwa na kipande kifupi cha chuma kilichoitwa ulimi. Kazi yake ilikuwa kuangukia jino moja baada ya jingine, ka, ka, ka, ili watu wakiachia mipini gurudumu lisirudi nyuma. Asiyejua angekiona kidude cha kupiga kelele tu.

Shomari alikuwa asiyejua, na aliuchukia ulimi ule siku ya kwanza. Yeye alikuwa na wimbo wake mtamu, wa mwendo mrefu, ambao anaunyanyua juu peke yake kisha watu wote wanaushusha kwa kishindo. Sasa ulimi ukawa unamharibia. Akitaka kimya, ka! Akitaka kishindo, kimya. Ukitoka hapo ka-ka-ka mfululizo kama mzee mwenye kikohozi msikitini. Akavumilia, akavumilia, mwisho akachukua kanga kuukuu ya mkewe, akachana utepe, akaunyanyua ulimi ukae juu, akaufunga.

Winchi ikanyamaza. Na hapo, jamani, wimbo ukatoka! Bakari, Mnyamwezi mwenye kifua kipana, na Albano, mwenziwe wa kushika naye mpini mmoja, walisema mikono ilikuwa inakwenda yenyewe. Siku za kupandisha chombo watu wakawa wanatoka Keko na Temeke kuja kusikiliza. Wauza maandazi wakajua siku hizo. Tajiri Najmuddin mwenyewe akawa anawaleta jamaa zake na wake zao, wamekaa vitini chini ya miavuli, yeye kavaa koti lake jeupe, anatikisa kichwa kwa raha.

"Shomari," alimwambia siku moja, "winchi yangu siku hizi imekuwa na adabu."

"Nimeifunda, tajiri," akajibu Shomari, na watu wakacheka. Najmuddin hakusogea kuuliza imefundwa vipi. Grisi na koti jeupe havikai pamoja.

Aliyeuliza alikuwa mmoja tu, fundi Gaspar. Huyu alikuwa seremala, Mhaya aliyetoka Bukoba, mtu mpole wa maneno machache. Chombo kinapopanda chelezo, lazima mtu awe nyuma yake, ameinama chini ya tumbo lake, anagongea kabari za mbao ili kisilale upande. Mtu huyo ndiye alikuwa Gaspar. Kila tishari lililopanda, Gaspar alikuwa chini yake. Yeye na Shomari walikaa jirani kule Temeke. Mkewe Apolonia na Hija, mke wa Shomari, walikuwa wanaazimana chumvi na kinu na kila kitu isipokuwa waume.

"Shomari, ndugu yangu," Gaspar alisema, "uteremshe ule ulimi."

"Una mikono minane imekushikilia huku juu. Wataka nini tena?"

"Mikono inatoka jasho. Chuma hakitoki jasho."

"Na chuma hakiimbi!" akajibu Shomari kwa sauti, wenziwe wakapiga makofi. Gaspar akachukua nyundo yake, akaingia chini.

Sasa sikiliza mambo. Siku hiyo walikuwa wanapandisha mashua, tena si kubwa. Jua lilikuwa kali na hakuna upepo. Wimbo ulikuwa umefika pale patamu, Shomari kaunyanyua, watu wanangoja kushusha, kiganja cha Bakari kikateleza. Kiganja kimoja tu! Albano akabaki na mpini peke yake, ukamshinda. Ule mpini ukazunguka kinyume ukawa rungu, ukampiga Bakari mkono, mfupa ukalia kama ukuni mkavu. Wa upande wa pili walipoona hivyo wakaruka pembeni, na nani atawalaumu? Waya ukaanza kurudi baharini unapiga mluzi. Mashua ikateremka, ikateremka, ikakuta kabari ambayo Gaspar alikuwa ndiyo kwanza ameigongea, ikakwama hapo, imeinama.

Gaspar akatoka chini kwa magoti, matope mpaka kwenye nyusi. Hakumtukana mtu. Aliutazama tu ule utepe wa kanga, kisha akamtazama Shomari, kisha akaenda kumsaidia Bakari kuinuka.

Bakari alipelekwa kwa mtaalamu wa kuunga mifupa, na kazi haikusimama, kwa sababu kulikuwa na tishari kubwa linalongoja. Tishari hilo lilikuwa zito mno, lisingeweza kuelea juu ya chelezo isipokuwa kwa maji ya bamvu, yale maji makuu yanayojaa mwezi unapoandama. Na mwezi ulikuwa unakaribia kuandama. Gaspar akasema wazi mbele ya wote, "Ulimi ukiwa umefungwa, mie siingii chini ya tishari lile."

Shomari hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. Alifungua utepe akajaribu. Akaimba wimbo wake ule ule, ulimi ukiwa chini, na oh, ikawa fedheha! Ulimi unasema lake, yeye anasema lake, watu kwenye mipini hawajui wamsikilize nani. Albano akavuta wakati mwenziwe mpya, aliyeshika nafasi ya Bakari, anapumzika, wakagongana vichwa. Wauza maandazi wakacheka mpaka wakashika mbavu. Shomari akavua kofia, akaitupa chini, akaufunga ulimi tena kwa hasira.

"Basi!" akasema. "Kama Gaspar anaogopa, tutatafuta kibarua mwingine wa kugongea kabari."

Hakuna aliyeinua uso. Gaspar akakuna nyundo yake kwa kidole gumba. "Kibarua asiyejua kabari atakufa kabla tishari halijasogea," akasema. "Hapana. Nitaingia mie."

Shomari akajiona ameshinda. Lakini usiku hakulala vizuri, na asubuhi akawa mkali kwa kila mtu, hata kwa kuku.

Ijumaa, baada ya sala, alikuwa amekaa barazani kwake na majirani wanacheza bao, wakasikia kilio kinakuja mtaani. Kilio cha msiba kabisa! Watu wakatoka majumbani. Kumbe ni Bakari. Mkono umefungwa vijiti na kuning'inizwa shingoni, kajipaka majivu usoni, kavaa gunia, analia na kujigonga kifua kwa mkono uliobaki.

"Yarabi, Gaspar wetu! Fundi wetu mpole! Nani atatuchongea kabari, nani?"

Mnajua Wanyamwezi na Wazaramo, watu wa Shomari, ni watani. Mtani anaruhusiwa kuja kwako kwenye msiba akamuigiza marehemu, akajilaza kwenye jeneza, akadai sanda ni yake, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Lakini hata mtani hujamwona akija kulia kabla mtu hajafa. Watu wakaanza kucheka, wengine wakashika vichwa.

Uani, Hija na Apolonia walikuwa wanatwanga. Waliposikia jina, Apolonia akatoka mbio na mchi mkononi. "Gaspar? Gaspar amefanya nini?"

"Hajafa bado, shemeji," Bakari akasema, akifuta kamasi. "Atakufa siku ya bamvu. Mie nimewahi tu, maana siku yenyewe kutakuwa na watu wengi, na wimbo utakuwa mtamu, nitakosa nafasi ya kulia. Muuaji huyu hapa, mtani wangu. Anaua kwa sauti nzuri. Mie alinitaka mkono tu, mwenzangu atamtaka mzima."

Kicheko kikakatika. Kila mtu alikuwa anamtazama Apolonia, na Apolonia alikuwa hacheki.

"Shemeji Shomari," akauliza taratibu, "ni kweli?"

Shomari, mwenye kinywa kile kilichowahi kuhamisha shehena nzima, akaanza kuzipanga upya kete za bao. Aliona aibu. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Alitamani Bakari aendelee kulia, aseme matusi, avunje kitu, lolote, mradi yule mwanamke asiendelee kumtazama. Apolonia hakungoja sana. Akageuka, akarudi uani, maana kisamvu hakijitwangi.

Majirani wakatawanyika mmoja mmoja. Bakari akaketi kwenye ngazi, akaomba maji ya kunawa majivu, akapewa. Shomari akabaki na bao lake mbele, hachezi. Na katika ule ukimya akasikia michi. Wanawake wawili, kinu kimoja, mmoja ananyanyua mwenziwe anashusha: tu, tu, tu, tu. Mwendo hauzidi wala haupungui. Kisha Hija, labda kwa kutaka kumtuliza shoga yake, akaanza kuimba kwa sauti ya chini, na maneno yakawa yanaangukia katikati ya mapigo, hayagombani nayo hata kidogo.

Shomari akanyanyuka, akaingia uani.

"Mama Tatu, mchi unafuata wimbo, au wimbo unafuata mchi?"

Hija akamtazama kama mtu aliyepatwa na jua. "Hee! Baba Tatu, umeumwa? Mchi ukimfuata mwimbaji si nitamponda Apolonia vidole? Mchi unakwenda mwendo wake. Mdomo ndio unaosubiri."

Shomari alipiga ukelele, Hija akadondosha mchi. Akatoka mbio! Alitoka Temeke kwenda Kurasini anakimbia, kanzu kaikunja kiunoni, ndala moja imebaki njiani, mbwa wanamfukuza, watu wanamuuliza kuna moto wapi. 

Alimkuta Gaspar yadini peke yake, anachonga kabari. Alizichonga nyingi kuliko kawaida, na nene. Shomari alipoona zile kabari machozi yalimlengalenga. "Nisamehe," akasema, akaukata ule utepe kwa patasi iliyokuwa karibu. "Njoo unisaidie."

Ulimi ulipoachiwa haukuanguka mara moja. Ulishuka kwa kusitasita. Miaka ya grisi na vumbi ilikuwa imeugandisha kwenye pini yake, mzito, mvivu, ungeweza kuchelewa jino moja au mawili kabla ya kushika. Wakauosha kwa mafuta ya taa, wakakwangua uchafu mweusi katikati ya meno, wakafuta. Gaspar akataka kuupaka grisi, Shomari akamshika mkono. Alikumbuka fundi cherehani: cherehani hakipakwi samli, kinatiwa tone la mafuta mepesi. Grisi wakaipaka kwenye meno, na pini ya ulimi wakaitia mafuta mepesi, na sasa ukawa ukiinuliwa unaanguka wenyewe, ka! mkavu na mwepesi.

Halafu Shomari akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya miaka yote aliyokaa pale. Akashika mpini mwenyewe, akazungusha winchi tupu. Ka, ka, ka, ka. Sawasawa, kama michi ya uani. Akasimama.

"Mbona inakwenda vizuri?"

Akazungusha tena, safari hii kama watu wake wanavyozungusha akiimba: wanavuta kwa nguvu kwenye kishindo, wanalegea anaponyanyua. Ka-ka-ka-ka, kimya, ka-ka, kimya. Kile kikohozi cha mzee!

"Gaspar!" akapiga kelele, akarukaruka pale pale. "Gaspar, winchi haikukosa mwendo! Ni sie! Ni mie!"

Na alipoelewa hilo akaelewa la pili, likampoza. Kila kishindo cha wimbo wake kilikuwa kimeupiga waya. Wakaufungua waya wote chini, wakaufuta kwa gunia, si kwa kiganja kitupu, wakitembea nao pole pole. Karibu na kulabu gunia likanasa. Nyuzi zilikuwa zimekatika, zimesimama kama miba ya nungunungu. Wote wawili wakakaa chini. Kisha wakakikata kile kipande kibovu, wakakitupa, wakafunga kulabu upya kwa vibano vyake, wakahakikisha waya utakapofika baharini bado mizunguko ya kutosha itabaki kwenye pipa. Jua lilipokuwa linashuka Shomari alikuwa anaguna-guna kitu kipya, na Gaspar alikuwa anampigia ulimi kwa kidole.

Siku ya bamvu ikafika. Bahari ilikuwa imejaa mpaka kwenye mizizi ya mikandaa, na watu walikuwa wamejaa kuliko bahari. Temeke yote! Maandazi, kahawa, watoto mabegani, wanawake wamevaa doti mpya. Tishari lilielea mdomoni mwa chelezo, pana, jeusi, zito hata kwa kulitazama. Tajiri Najmuddin alikuwa amekaa mbele kabisa na wageni wake, karibu na waya.

Shomari akaenda kumwamkia. "Shikamoo, tajiri. Naomba viti virudi nyuma."

"Marahaba. Nirudi nyuma mie? Kwenye yadi yangu?"

"Waya haumjui tajiri. Ukikatika utakuja huku kabla hatujasema samahani."

Najmuddin akafikiri, akaangalia koti lake, akanyanyua kiti mwenyewe. Baada ya hapo haikuwa kazi kuwasogeza wengine. Hakuna kusimama mbele ya waya, Shomari akatangaza, hakuna kuuruka, hata mwenye haraka ya kwenda chooni. Watu wakacheka, wakatii. Kisha akawaambia watu wake wa mipini jambo alilolirudia mpaka wakachoka: mzunguko mmoja uwe sawa na mwingine, na kishindo hakitakiwi leo.

Gaspar akavua kofia, akafanya ishara ya msalaba, akaingia chini. Apolonia alikuwa mbele ya umati na mikono kifuani.

"Sema, ulimi, sema!" akaanza Shomari.

"Twakusikia!"

"Jino kwa jino!"

"Twaja, twaja!"

"Majini haturudi!"

"Hatuachii!"

Ka, ka, ka, ka. Waya ukakaza, ukakamua maji. Na tishari likasogea! Lilisogea kama nyumba iliyoamua kuhama. Ee, raha iliyompanda Shomari! Ulimi ulikuwa unapiga, yeye anaweka neno katikati, ulimi unapiga, na hakuna mgongano, hakuna mtu anayehema vibaya. Nyuma, chini, nyundo ya Gaspar ilikuwa inajibu, ko, ko. Bakari, na mkono wake mmoja, alikuwa anarusha kofia hewani.

Lakini umati ulikuja kusikia wimbo mwingine. "Ule wa zamani!" mtu akaita. "Manju, tupe ule wetu!" Wakaanza kuupiga kwa makofi, ule mwendo mrefu wenye kishindo, watu mia na zaidi wakiupiga pamoja, na wageni wa tajiri nao wakatia makofi. Shomari akausikia, na moyo wake ukaruka. Ndio uliompa jina, ule! Tishari lilikuwa nusu ya njia. Angeunyanyua mara moja tu, nchi yote ingelia. Akaona koo lake linajiandaa.

Akatazama kwenye giza chini ya tishari, akaona nyayo za Gaspar.

"Jino kwa jino!" akaimba, kwa nguvu zaidi, jasho linamtoka. Ila mikono ya watu wake ilikuwa imekwisha kusikia makofi. Mikono ina kumbukumbu yake. Wakavuta kishindo, mara moja, pamoja, na pini ya mpini wa kushoto, iliyochoshwa na vishindo vya miaka yote ile, ikakatika.

Mpini ukatoka. Albano na mwenziwe wakaanguka chali. Uzito wote ukawajia wale wawili wa kulia, ukawanyang'anya mpini mikononi. Tishari likatetemeka, likaanza kurudi.

KA!

Likasimama.

Hakukuwa na makofi tena. Yadi nzima ilinyamaza, mpaka maji yakasikika yakidondoka kwenye tumbo la tishari. Ulimi ulikuwa umeng'ata jino, waya unalia kidogo kidogo kwa uzito. Shomari akainama kuzitafuta zile nyayo gizani. Apolonia alikuwa amepiga magoti.

Ko, ko, ko.

Nyundo! Ko, ko. Kabari moja upande huu. Ko, ko. Nyingine upande ule. Kisha sauti kutoka chini, imezibwa na mbao: "Oya, huko juu! Mbona mmenyamaza? Mmekwenda kula?"

Shomari akalia. Alilia mbele ya Temeke yote, huku anacheka, huku anawapigia kelele wasiguse chochote mpaka pini mpya iingie. Albano akaigongea, mgongo unamuuma. Mwenziwe hakuweza kuinuka, kiuno kilikuwa kimemkataa. Basi Shomari, yule ufito ambaye gunia lilimlaza chini, akakunja mikono ya kanzu, akashika nafasi yake kwenye mpini. Akajaribu kuanzisha wimbo, sauti haikuja. Ilikuwa imekwenda kabisa.

Ka, akasikia ulimi. Ka.

Na chini ya tishari Gaspar akaanza kuimba. Mungu wangu, aliimbaje! Alikosea maneno, alikosea sauti, ilikuwa kama mlango wa ghala unaofunguliwa baada ya masika. "Sema, ulimi, sema!" Watu wakatazamana. Kisha Apolonia akaitikia kwa machozi, kisha Hija, kisha Bakari, kisha tajiri Najmuddin na wageni wake, kisha umati wote wa bamvu ukaitikia, "Twakusikia!"

Tishari likapanda. Shomari alizungusha, mabega yanawaka, malengelenge yanapasuka viganjani, hajui kama anaumia. Kila jino lilipolia alitega sikio, akangoja, na kila mara ile sauti mbovu ilitoka tena huko chini, nzima, na hakuwa anataka kusikia kitu kingine duniani.